Kidato cha kwanza na ukimya wa darasani

Nafundisha Baiolojia shule ya kata. Kila Januari napokea watoto waliosoma miaka 7 kwa Kiswahili, na ghafla karibu masomo yote ni Kiingereza. Kuna kozi fupi ya kuwaandaa, lakini wiki chache haziwezi kujenga lugha ya kufikiria.

Juzi niliuliza, kwa Kiingereza, mmea unatengenezaje chakula chake. Kimya. Nikarudia kwa Kiswahili, mikono ikajaa hewani. Binti mmoja wa nyuma akaeleza mwanga wa jua, maji, hewa ya ukaa, na kwa nini jani ni la kijani. Alieleza vizuri hadi wenzake wakageuka kumtazama. Kwenye jaribio la wiki hiyohiyo karatasi yake ilirudi karibu tupu, kwa sababu jibu lilitakiwa kwa Kiingereza. Binti huyu si mzito wa kuelewa, na inaniuma kuona matokeo yakimwambia kuwa ni mzito.

Tangu ada ifutwe mwaka 2016 hadi kidato cha nne, wamefika darasani watoto ambao wangebaki nyumbani. Nalishukuru sana hilo. Ila mkondo mmoja una wanafunzi zaidi ya 80, na kumsikiliza kila mmoja akijaribu sentensi yake ndani ya dakika 40 haiwezekani (madaftari nayo nasahihisha usiku).

Walimu wenzangu wa sayansi, mnawavushaje watoto hawa bila kuwavunja moyo? Niambieni mnachofanya, nikajaribu Jumatatu.