Jinsi nilivyoifanya filta ya uso ikakaa kama pambo la kuvaa

Mimi filta ya uso naichukulia kama vazi kabisa, kitu mtu anavaa na akicheka kinaenda na uso wake, sio stika imebandikwa tu juu ya picha. Kazi ninayoipenda zaidi mpaka sasa ni taji la majani ya shaba, linaanzia kwenye nyusi linapanda kwenye paji la uso halafu linazunguka mpaka nyuma ya masikio. Nilichora kwa penseli kwanza, nikaliunda 3D kwenye programu ya Blender, ndo nikaliingiza Lens Studio, programu ya Snapchat ya kutengenezea filta.

Hapo nyuma ya masikio ndo kazi ilipokuwa, sababu programu yenyewe inachora jani juu ya kila kitu, sasa inabidi uweke kichwa kisichoonekana, wenyewe tunaita okluda, kazi yake ni kuficha chochote kilicho nyuma yake, ukigeuza uso majani ya upande wa pili yanapotea nyuma ya kichwa na hapo jicho linakubali kwamba umevaa kitu kweli. Majani ya mbele nikayafunga kwenye meshi ya uso, ule wavu wa kidijitali unaofuata uso wa mvaaji, palepale kwenye nyusi, ukinyanyua nyusi yanafunguka. Hiyo peke yake inafanya mtu aanze kucheza nalo.

Kingine rangi, na hili naomba wabunifu walizingatie sana. Wengi wanapaka kwa multiply, ile inayozidisha giza la kilicho chini, kwenye ngozi nyeupe mchoro unatoka vizuri tu lakini kwenye ngozi nyeusi kama yangu unamezwa wote. Mimi nikatumia materiali ya metali, inang'aa kwa kuakisi mwanga kwa hiyo haitegemei ngozi ya mvaaji, nikawavalisha marafiki weupe kwa weusi, wenye ndevu, wenye miwani, shaba ikabaki shaba.

Lenzi, ndo Snapchat wanavyoita filta, haitakiwi kuzidi MB 8, basi nikabana teksta, zile picha zinazofunika umbo la 3D, na majani ya pembeni nikayapunguza poligoni, vile vipande vidogo vinavyojenga umbo, hakuna anayeyatazama kwa karibu.

Ukitaka kuona sanaa hii inaweza kufika wapi, tafuta kazi za Ines Alpha, msanii wa Ufaransa anayefanya mekapu ya 3D, angalia hasa zile zinazoning'inia usoni zinavyochelewa kidogo kichwa kikigeuka. Hereni zangu zinazofuata nataka ziwe na uzito wa namna hiyo.