Kwa hiyo unataka kuanzisha nchi yako Bir Tawil

Hii stori huwa haifi. Kila baada ya muda kuna mtu anaitupa kwenye grupu la WhatsApp, jamani mnajua kuna kipande cha Afrika hakidaiwi na nchi yoyote duniani, na hapohapo watu wanaanza kugawana vyeo, huyu rais, yule waziri wa fedha, na lazima atokee mmoja anaomba apewe bandari wakati sehemu yenyewe haina hata kidimbwi. Inaitwa Bir Tawil, ipo mpakani mwa Misri na Sudan, kilomita za mraba 2,060, yaani Unguja yote inaingia na nafasi inabaki. Na ni kweli kabisa, Misri wanasema sio yetu, Sudan nao wanasema sio yetu. Mimi haya mambo ya nchi za kujitangazia nayafatilia siku nyingi, mke wangu anasema ni ugonjwa, kwaiyo ngoja niandike mara moja ili wakiniuliza tena niwatumie linki tu.

Tuanze na kwa nini haina mwenyewe, maana hapo ndo utamu ulipo. Mwaka 1899 Waingereza walipiga mstari kwa rula kwenye latitudo ya 22, juu Misri, chini Sudan, basi. 1902 wakaona mstari hauendani na watu wanaoishi pale. Waababda waliokuwa wanachunga mifugo chini ya mstari mambo yao mengi yalikuwa upande wa Aswan, na Wabishari wa kule pwani walikuwa karibu zaidi na watu wa Sudan, kwaiyo ukachorwa mstari wa pili, wa kiutawala, umepindapinda: Bir Tawil ikawa chini ya Misri, na Halaib, ambayo ipo juu ya mstari, ikawa chini ya Sudan. Mkoloni akaondoka akaacha ramani mbili. Misri wameng'ang'ania ya 1899, Sudan wameng'ang'ania ya 1902, na ukiangalia vizuri kila mmoja kachagua ramani inayompa Halaib, kwa sababu Halaib ni kilomita za mraba zaidi ya 20,000 na ina pwani ya Bahari ya Shamu, wakati Bir Tawil ni mawe, mchanga na makorongo makavu. Ukitamka tu kwamba Bir Tawil ni yako umeshaikubali ramani ya mwenzio, na Halaib ndo imekwenda hivo. Nasser, rais wa Misri wa wakati ule, alishapeleka wanajeshi Halaib 1958, na tangu miaka ya 90 Misri ndo wanaoishikilia. Hapo hakuna atakaesogea.

Kwaiyo sio kwamba dunia iliisahau hiyo ardhi. Imekataliwa makusudi, kwa hesabu. Fikiria Migingo, kale kamwamba ka Ziwa Victoria kama nusu ekari hivi, kamejaa mabati kuanzia huku mpaka huku, Kenya na Uganda wamekavutania miaka na miaka kwa sababu ya sangara. Nusu ekari inagombewa, alafu wewe unaambiwa kuna eneo kubwa kuliko mkoa mzima wa Dar linagawiwa bure na hushtuki?

Waliojaribu wapo. Maarufu zaidi ni Jeremiah Heaton, Mmarekani wa Virginia, alimwahidi binti yake kwamba atakuwa binti mfalme wa kweli, sasa baba wengine tunaahidi baiskeli tunasahau, huyu 2014 kapanda ndege mpaka Misri, kakatiza jangwa, kachomeka bendera iliyobuniwa na watoto wake nyumbani na kutangaza Ufalme wa Sudan Kaskazini. Akaandikwa na magazeti dunia nzima. 2017 kijana wa Kihindi, Suyash Dixit, nae kaenda na gari kapanda mbegu na kuzimwagia maji kisha kajitangaza mfalme, Ufalme wa Dixit. Akatokea Mrusi mmoja wa mambo ya redio akaja juu, eti kama ni bendera na yeye alishaipandisha pale. Yaani wafalme watatu ardhi moja, na wote watatu walishika njia wakarudi makwao. Na walirudi kwa pasipoti zilezile za nchi zao za zamani, hili ndo linanichekesha kuliko yote.

Lakini kuna kitu kwenye hizi stori kinanikera. Wanasema "ardhi isiyo na mtu". Waababda na Wabishari wanapita na ngamia wao kule tangu kabla ya hiyo rula ya 1899, visima wanavijua wao, na miaka ya karibuni wamejaa wachimbaji wadogo wa dhahabu, kambi zipo, biashara ipo, silaha zipo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilishaligusa suala la namna hii 1975 kwenye maoni yake juu ya Sahara Magharibi, ikasema ardhi yenye makabila yaliyojipanga kijamii na kisiasa huwezi kuiita haina mwenyewe eti kwa sababu hawana ofisi na mihuri. Heaton alipotangaza ufalme wake watu wengi walimwambia kaka hii tumeshaiona, mzungu anakuja Afrika na bendera mfukoni.

Na sisi tumeiona kweli. Mwisho wa 1884 Mjerumani mmoja, Karl Peters, alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami na makaratasi yake, machifu wanaweka alama kwenye maandishi ya Kijerumani wasiyoweza kuyasoma. Serikali yake ilikuwa haijamtuma. Kwa wakati ule ukimwangalia alikuwa mhuni tu mwenye begi la karatasi, kama hawa wa Bir Tawil. Februari 1885 Kaiser akampa hati ya ulinzi, Sultani Barghash wa Zanzibar alivyolalamika manowari za Kijerumani zikaja kusimama mbele ya Unguja mwezi wa nane mwaka huohuo, na zile karatasi za ovyo zikawa nchi. Tofauti ya Peters na Heaton haipo kwenye bendera wala kwenye ujasiri. Ipo kwenye nani kasimama nyuma yako.

Ndo maana nasema watu wanahangaika na kitu ambacho sio tatizo. Wanatafuta ardhi! Mkataba wa Montevideo wa 1933, ambao kila mfalme wa mtandaoni anaujua kwa moyo, unataka vitu vinne, wakazi wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuingia mahusiano na nchi nyingine. Vitatu vya mwanzo unaweza kuhangaikia mwenyewe. Cha nne ni kama kununua kiwanja huku kwetu, hela unayo na muuzaji mmekubaliana, lakini kama majirani hawajaja kusimama kwenye mipaka na kusaini kwa mwenyekiti wa mtaa, umenunua kesi. Muulize Msomali wa Hargeisa. Somaliland walijitenga na Somalia na kujitangaza nchi Mei 1991, wana shilingi yao, polisi wao, pasipoti, wamefanya chaguzi ambazo aliyeshindwa kakubali na kukabidhi ofisi, na walikaa zaidi ya miaka 30 bila hata mwanachama mmoja wa Umoja wa Mataifa kuwatambua. Sehemu ya sababu ni kwamba mwaka 1964 pale Cairo viongozi wa OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walikubaliana mipaka ya mkoloni iachwe ilivyo, kila mtu aliogopa ukifungua mmoja itafunguka yote. Sasa watu wenye miji na bunge wanasubirishwa hivo, wewe na jamaa zako saba na tenti mnataka kiti New York.

Aliyekaribia kuliko wote kwa maoni yangu hakuwa hata na ardhi. Sealand. Ni ngome ya vita vya pili vya dunia, nguzo mbili nene za zege zimesimama baharini na jukwaa juu yake, kama kilomita 12 hivi kutoka pwani ya Suffolk, Uingereza. Roy Bates, aliyekuwa meja jeshini na baadae akaingia kwenye redio za wizi, zile za kurusha matangazo bila leseni, aliiteka na tarehe 2 Septemba 1967 akatangaza ni nchi, mke wake akawa Princess. 1968 kulikuwa na watu wa serikali wanarekebisha boya pale karibu, mtoto wake Michael akafyatua risasi za kuwatisha, yeye na baba yake wakashitakiwa, na mahakama ikasema tukio lilikuwa nje ya maili tatu za bahari ya Uingereza kwaiyo halituhusu. Hebu waza furaha ya huyo mzee! Alafu 1978 Mjerumani aliyekuwa mshirika wake, Alexander Achenbach, akapeleka watu wakaivamia na kumteka Michael, Roy akarudi na helikopta akaikomboa na akamshikilia mmoja wa wavamizi, mpaka ubalozi wa Ujerumani ulioko London ukatuma mwanadiplomasia kwenda kumuombea aachiwe. Tangu siku hiyo familia ya Bates inasema Ujerumani imeitambua Sealand. Ujerumani wenyewe hawasemi hivo. 1987 Uingereza ikasogeza bahari yake mpaka maili 12, na lile jukwaa likajikuta ndani. Familia bado wanalo, wanauza vyeo vya Lodi na Ledi mtandaoni, ukitaka unanunua sasa hivi kwa kadi.

Hii ya kusogeza mpaka ni ndogo ukilinganisha na yaliyowapata wa Minerva. Hao walikuwa matajiri wa Marekani wasiotaka kodi, wakamwaga mchanga juu ya miamba ya matumbawe huko Pasifiki na kutangaza jamhuri mwaka 1972. Mfalme wa Tonga hakuandika barua. Alienda mwenyewe na watu wake, bendera ya Minerva ikashushwa ya Tonga ikapanda, mwaka uleule. Alikuwa mzee mkubwa wa mwili yule na hakuwa na utani.

Na Liberland je, maana najua kuna mtu atauliza. Hiyo ilitangazwa tarehe 13 Aprili 2015 na Mcheki Vít Jedlička, kwenye kilomita 7 za mraba za msitu kando ya mto Danube, kati ya Kroatia na Serbia. Mchezo ni uleule wa Bir Tawil, mto ulibadilishwa njia zamani, Kroatia wanafata mipaka ya zamani na Serbia wanafata mto, na Kroatia wakikubali kwamba kile kipande ni chao wanaharibu madai yao ya ng'ambo ya pili ambako kuna ardhi kubwa zaidi. Hawakidai, lakini polisi wao wanazunguka na boti. Jedlička alikamatwa mwezi mmoja tu baada ya kujitangaza rais, na 2023 Kroatia wakaenda kubomoa vibanda vilivyojengwa pale. Sio yetu, ila toka. Nimependa hiyo kauli kama msimamo wa kiserikali, ina ukatili fulani wa kistaarabu.

Wengine wananiambia basi twende Antaktika, Marie Byrd Land, kubwa kuliko Tanzania na haidaiwi na mtu. Mkataba wa 1959 umezuia madai mapya. Na baridi. Tupite.

Sasa kama baada ya haya yote bado unaitaka Bir Tawil, sikuzuii, ila jipange. Maji yote ubebe mwenyewe. Kibali cha jeshi la Misri utafute mapema kwa sababu kule kusini ni eneo la kijeshi, hauendi tu kama unaenda Kigamboni. Dereva awe mwenyeji wa huko, na ukiwakuta Wabishari uwasalimie kwanza ndo utoe bendera, tena ikiwezekana usiitoe kabisa, na wachimba dhahabu uwapitie mbali. Viza chukua ile ya kuingia zaidi ya mara moja, maana ukikanyaga pale kwa ramani ya Misri yenyewe umeshatoka Misri, na hakuna ofisa wa kukugongea muhuri wa kutoka wala wa kurudi. Waziri wa fedha wa lile grupu letu ajiandae kujibu hilo swali airport ya Aswan.