Mashine ya CNC ya nyumbani: amua ukubwa kwanza
Mnaoniuliza kuhusu mashine ya CNC (inayochonga mbao ikiongozwa na kompyuta) ninayoiunda hapa Fuoni, Zanzibar: msianze na mota, anzeni na ubao mnaotaka kuuchonga. Wengi wanataka moja kwa moja mashine ya kumeza mlango mzima. Mimi nimechagua eneo la kazi la sentimita 60 kwa 40, linatosha visanduku, vigoda na vipande vya nakshi vya kupachika kwenye fremu. Reli zenyewe lazima zizidi hapo, maana kigari kinachoteleza juu yake kikibeba ruta (kifaa kinachozungusha kisu cha kuchongea) kinakula nafasi yake.

Ukubwa una gharama. Reli iliyoshikwa ncha mbili tu, ukiirefusha mara 2, kwa mzigo uleule inapinda mara 8. Na mninga hauna msamaha: daraja (fremu inayopita juu ya ubao ikibeba ruta) likitikisika, ukingo wa ua la nakshi unatoka na meno. Ndiyo maana nimekataa fimbo za duara zinazoning'inia, nikachukua reli za mraba zinazofungwa kwenye alumini urefu wote.

Mota ni za kawaida, hatua 200 kwa mzunguko. Skrubu inayozungushwa na mota inasogeza kigari milimita 8 kwa mzunguko, draiva (kifaa cha umeme kinachoendesha mota) inagawa kila hatua mara 8, basi unapata hatua 200 kwa milimita. Kwa mbao inatosha kabisa.

Hewa yetu ya chumvi nayo haichezi na chuma. Futa vumbi, paka oili, funika.

Jana nimechonga yungiyungi kwenye mbao ya mwembe, kingo safi, wallahi nimefurahi! Mwenye picha za karibu za nakshi za milango ya Mji Mkongwe, naomba anitumie.