Kakuro: anzia kwenye jumla zisizo na njia mbili

Kakuro, fumbo lililopata jina hilo Japani, hujazwa tarakimu 1 hadi 9. Namba iliyo kwenye kisanduku cheusi ni jumla ya visanduku vyeupe vinavyofuata, kulia au chini. Tarakimu hairudiwi ndani ya jumla moja, na hapo ndipo wengi huteleza: 4 katika visanduku viwili ni 1 na 3 tu, kamwe si 2 na 2.

Tafuta kwanza 3, 4, 16 na 17 za visanduku viwili, au 6, 7, 23 na 24 za vitatu. Kila moja ina mseto mmoja tu. 16 ni 7 na 9, 17 ni 8 na 9. Zikikatana, kisanduku cha makutano lazima kiwe 9. Utamu wote uko hapo!

Usibahatishe. Kosa la mapema huja kujitokeza ukiwa umeshajaza nusu ya gridi.