Siku moja maishani mwangu: daftari ya kilio na tone la damu

Saa kumi na moja na nusu asubuhi. Siyo alarme iliniamsha, ni mutoto wa jirani. Huku kwetu Kadutu nyumba zimepandana mulimani, bati yako njo inafika ku mulango ya mwenzako wa juu, basi mutoto akilia kule, sisi wote wa chini tunaamka naye. Nikajikuta naangalia saa ya telefone: 5:32. Akanyamaza 5:51. Dakika 19. Mume wangu akageuka akasema we mwanamuke, ata kitandani uko kazini?

Eeh, niko kazini. Mi ni nutrisioniste ku sante (kituo cha afya) moja hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, asubuhi napima batoto kilo na kuzungumuza na bamama juu ya chakula, mangaribi nageuka mwanafunzi juu niko naandika protokole (mupango wa utafiti) ya memware, kazi ya kumaliza masomo. Nilitaka kuweka ndani probiotiki, mikrobe mizuri ya kunywesha, za batoto wenye kulia tumbo, na chuma kinachopunguka mu damu. Prof wangu anasema hizo ni memware mbili: "Mutoto wa kilio ana wiki sita, mutoto wa chuma ana miezi sita. Chagua." Miezi mbili sasa tuko nabishana, mi namuambia tumbo ni ile ile moja, yeye anacheka tu.

Saa kumi na mbili na nusu. Chai, mandazi mbili, nashuka kwa muguu. Mvua ilinyesha usiku kwa hiyo matope, na motari banaongeza bei kama kawaida. Ziwa haionekani, ukungu imefunika kila kitu mupaka ng'ambo.

Saa mbili. Bamama bameshajaa ku benchi, batoto mugongoni, na wa kwanza ni mama mudogo sana na koko pembeni, mama ya bwana wake. Mutoto ana wiki sita kamili. Koko njo anasema yote: mutoto huyu hana amani, analia usiku muzima, anakunja miguu, uso unakuwa mwekundu, maziwa ya mama yake ni mabaya, tumupe maji ya majani. Mama mudogo anaangalia chini. Nikamuambia koko, shikamoo mama yangu, nakusikia, acha kwanza tumupime. Alizaliwa na kilo 3.1, leo ana 4.4. Hana homa, hatapike kijani, hakuna damu mu choo, ananyonya vizuri. Nikamugeukia mama mudogo: maziwa mabaya hayatoe kilo kama hizi. Akainua macho kidogo.

Hapa njo kazi yangu inaanzia. Tangu 1954 kuna kanuni ya daktari Wessel wa Marekani, ya tatu tatu tatu: mutoto analia zaidi ya masaa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, zaidi ya wiki 3. Lakini sasa fikiria unamuambia mama hajalala uende, urudie baada ya wiki tatu tuone kama kweli ni kilio cha tumbo! 2016 bataalamu wa Roma IV, kundi la dunia la kanuni za magonjwa ya tumbo, baliona hiyo haina maana, baliondoa zile namba mu dispansere: inatosha mutoto awe chini ya miezi mitano, analia mara kwa mara bila sababu na bila kutulizika, hana homa, anakua vizuri. Namba balizibakisha kwa utafiti tu, masaa 3 kwa siku, siku 3 mu wiki, na mu utafiti mama anapaswa kuandika daftari ya masaa 24.

Hiyo daftari nilikuwa nayo mu mufuko, niliichora mwenyewe, kila saa ina vijumba 12 vya dakika tano. Siyo utafiti bado, sina ruhusa, nilitaka tu kuona kama mama anaweza kuisoma. Nikamuuliza jana alianza kulia saa ngapi? "Wakati wa kusonga bugali." Akanyamaza saa ngapi? "Kuriya ilikuwa imesharudi," maana umeme. Kuriya ilirudi saa ngapi? Koko akajibu: radio ilikuwa inasoma habari. Tukahesabu hivyo hivyo, bugali, radio, kuriya, mara mutoto alinyonya, mara alisinzia ku bega ya koko, na "usiku muzima" ikatoka masaa mbili na dakika kumi.

Na sikujua nifanye nini na hiyo namba. Juu mbele ya kanuni ya 1954 huyu mutoto hana kitu. Mbele ya mama yake ana kitu kikubwa sana.

Koko akafungua kitambaa akatosha chupa ndogo, binamu yake aliileta kutoka Kigali, "ni ile dawa ya mikrobe muzuri." Nikasoma etiketi. Ilikuwa Lactobacillus kweli, lakini siyo aina ile iliyopimwa, na namba ya kabila ya mikrobe haikuandikwa popote. Hapa banaanguka bengi ata baganga. Ile iliyopimwa vizuri iliitwa Lactobacillus reuteri DSM 17938 (tangu 2020 jina la kwanza ni Limosilactobacillus), na ile namba siyo mapambo. Ni kama bantu wawili wanaitwa Amani, mumoja anakujengea nyumba, mwingine anakuibia bati, jina moja tu. Ata hii yenyewe ilikuwa na mukubwa wake, ATCC 55730, iliyotoka mu maziwa ya mama mumoja wa Peru, lakini ilibeba vitu vya kukataa antibiotiki, bakavitosha, njo ikazaliwa 17938.

Kule Torino, Italia, daktari Savino alipatia batoto wenye kunyonya matone matano ya hii 17938 kwa siku, utafiti ukatoka 2010, kilio kikapunguka. Kila mutu akafurahi. Halafu 2014 Sung na wenzake wa Melbourne bakafanya na batoto 167, wa kunyonya na wa maziwa ya kopo pamoja, hakuna faida, ata wale wa kopo balisumbuka zaidi. Nani anadanganya? Hakuna. 2018 bakachanganya batoto 345 wa tafiti nne na kuangalia mumoja mumoja, ikaonekana matone yanasaidia wale wa kunyonya tu, na kwa wa kopo haikuwezekana kusema kitu. Bamama wa hapa karibu wote bananyonyesha, kwa hiyo ungesema hii dawa ni ya kwetu, ila hakuna hata moja ya zile tafiti nne iliyofanyiwa ku mulima kama wetu na nyumba ya vyumba viwili.

Koko hakutaka hiyo yote bwana. Aliuliza: tumupe ao tusimupe? Nikasema chupa hii hapana mama yangu, siyo sumu ila siyo ile, na maji ya majani hapana kabisa, mutoto wa wiki sita ni maziwa tu. Wiki ya sita njo kilio kinafikiaga juu, kutoka hapo kinashuka, miezi mitatu ao mine kinaisha. Mubebane zamu. Mama mudogo akiona hasira inapanda, amulaze mutoto fasi salama atoke inje apumue, asimutikise, asimutikise kamwe. Koko akakunja chupa yake mu kitambaa. Hakufurahi, lakini akamubeba mutoto yeye mwenyewe kutoka pale. Daftari nikampa mama, na namba yangu.

Saa tano. Mutoto wa miezi tisa, mweupe ku viganja, mama amemuleta juu "damu imepunguka." Titulere wetu, muuguzi mukubwa wa sante, papa mumoja mwenye miaka mingi ya kazi, anachoma kidole, mashini ya hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) inasema 11.5. Anaandika: sawa. Nikasema papa samahani, subiri. Hapa sante tuko kidogo juu ya metre 1,500, na mu mwinuko mwili unatengeneza damu zaidi juu hewa ni nyepesi, lazima uondoe kitu ku ile namba kwanza. Kwa kanuni ya zamani ya OMS, Shirika la Afya Duniani, unatosha 0.5, inabaki 11.0, na mupaka ulikuwa 11, basi mutoto ni muzima. Kwa ile ya 2024 unatosha 1.1, inabaki 10.4, na mupaka wa batoto wa miezi 6 mupaka 23 bameushusha ku 10.5. Basi ana anemia. Tone moja la damu, mutoto mumoja, ndege tu imepita na karatasi mupya kutoka Geneva! Papa akanitazama, akasema: "Binti yangu, na ile tone ulivyoikamua, unaiamini?" Ana haki. Ukikamua kidole sana maji ya mwili yanaingia, hesabu inashuka, njo maana OMS yenyewe inapendelea damu ya mushipa.

Stajere wetu, mwanafunzi wa mazoezi, tayari alikuwa ameshika siro ya chuma. Nikamuzuia. Nikauliza mama balilala wapi wiki hii, akasema balitoka Uvira juzi. Uvira! Kule bondeni malaria siyo kama ya huku juu. Kipimo cha haraka: positifu. Tunatibu malaria kwanza. Stajere alikuwa anafikiri mi nachelewesha tu, basi nikamusimulia utafiti wa kisiwa cha Pemba, 2006, balipatia batoto wadogo chuma kila siku fasi ya malaria nyingi bila kuchagua, kulazwa na vifo bikapanda, ikabidi basimamishe. Leo OMS inasema chuma ndiyo, lakini kule kwenye malaria kiende pamoja na kuzuia na kutibu malaria.

Na kuna lingine linanisumbua zaidi. 2017 ulitoka utafiti wa batoto wa vijiji vya huku huku Kivu: anemia nyingi, lakini kupunguka kwa chuma kidogo tu! Sisi tunaona viganja vyeupe tunasema chuma, kumbe saa ingine ni maambukizo, ao malaria, ao minyoo. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma mu damu, ingetuambia, lakini feritini nayo mutoto akiwa na homa inapanda yenyewe inakudanganya kwamba chuma kipo, unapaswa kupima CRP, kipimo cha maambukizo, pamoja nayo, na hapa kwetu hatuna moja wala nyingine.

Saa saba nilikula bugali na sambaza. Saa nane fundisho la uji wa masoso, mahindi mtama na soya, na kuponda sambaza ndani, na kutopatia mutoto chai juu inafunga chuma. Bamama balicheka niliposema chai, kila mumoja anamuangalia mwenzake.

Saa kumi, kwa Prof. Nikamuonesha utafiti wa Kenya, 2015, batoto wa miezi sita balipewa unga wenye chuma, mikrobe ya magonjwa ikaongezeka mu tumbo, ile mizuri ikapunguka. Unaona Prof, chuma na mikrobe, tumbo moja! Akasoma pole pole, akatosha miwani. "Naona. Na wewe utapima nini? Kilio kwa radio, na chuma kwa kidole kilichokamuliwa?"

Sikujibu. Nilipanda mulima wa kurudi nyumbani nikiwa na hasira, siyo naye.

Saa mbili usiku, kuriya imeenda. Nikafungua protokole ku telefone, nikafuta chuma. Nikafuta na matone. Nikabakisha kitu kimoja: mama wa Kadutu anapimaje kilio cha mutoto wake, daftari ya vijumba ao daftari ya bugali na radio, gani inakaribia ukweli. Nikatumia Prof. Akajibu kidole gumba tu.

Saa mbili na dakika arobaini na mbili, telefone: mama mudogo wa asubuhi. "Mama muganga, ameanza. Kuriya haiko, radio haisemi. Niandike aje?" Kwa nyuma namusikia mutoto, na koko anaimba. Nikamuambia acha telefone wazi, bembeleza mutoto, mi njo ntaandika. Nikachukua bic nikaangalia saa.