Siku nne na Boxer: Ngozi, Masoko, Matema

Mi nilitaka siku nne za kutoongea na mtu. Ndo ilikuwa plani nzima, pikipiki, hema, sufuria moja, simu imezimwa, nipite maziwa ya milimani Rungwe afu nishuke mpaka Nyasa. Wanyakyusa wakakataa.

Nimetoka Mbeya mjini Jumatano asubuhi mwezi wa nane, na Boxer yangu ya 150 ileile ya kuendea kazini. Mzigo nimefunga kwenye keriya kwa mpira wa tyubu iliyochanwa. Najua siku hizi kuna zile kamba za rangi zenye kulabu, achana nazo, kulabu ikichomoka inakutafuta jicho. Mpira wa tyubu unauvuta mpaka unakuwa mwembamba, unazungusha mara tatu, ncha unaichomeka chini ya mwenzake, basi, pita kwenye mashimo unavyotaka.

Uyole nikakata kulia barabara ya Tukuyu, ikaanza kupanda na baridi nayo ikapanda. Jaketi mbili lakini vidole havisikii klachi, mara mbili nimesimama pembeni naota mikono kwenye injini kama mtu kaota moto wa msibani. Isongole ndo pa kuingilia kwenda Ziwa Ngozi. Pikipiki nikaiacha kwa mama mmoja anauza viazi barabarani, akaniangalia mimi, akaangalia mzigo, akasema "mwenzako yuko wapi?" Nikamwambia niko peke yangu mama. Akauliza kwani kuna nini nyumbani, mmegombana?

Kupanda Ngozi ni msitu na mianzi, na tope ambalo sijui kiangazi kwao linakaukaga lini, sehemu ya juu unashika mizizi kama ngazi. Tumefika ukingoni na kijana anayeongoza wageni, chini ukungu mtupu, kama mtu kafunika sufuria. Tukakaa kama dakika arobaini bila kuona kitu. Afu ukafunguka kidogo, muda wa kumenya chungwa, ziwa likaonekana huko chini kabisa, kijani kizito, kuta za msitu zimelizunguka pande zote, hakuna mto unaoingia wala unaotoka, maji yamejaa tu kwenye tundu la volkano. Yule kijana akasema watu wanasema lina umbo la ramani ya Afrika. Nikainamisha shingo kushoto, kulia, mimi niliona parachichi.

Jioni yule mama wa viazi akakataa nisilale porini. Hema nikasimamisha uani kwake nyuma ya jiko, watoto wanagonga kitambaa wanaita nyumba ya mfuko, nikaletewa viazi vya kuchemsha na maharage mpaka nikashindwa. Usiku baridi ya kule sio ya kusimulia, soksi tatu. Asubuhi natoka na macho mekundu nasalimiwa "Ugonile", na mi Kinyakyusa changu kinaishia kwenye ndaga, yaani asante.

Alhamisi Tukuyu ilininyeshea, kama kawaida ya Tukuyu, mlima Rungwe na urefu wake wa karibu mita 2,960 sikuuona hata mguu. Kutoka pale kwenda Masoko ni kama kilomita 15 na nikapata pancha katikati. Tairi la nyuma, msumari. Vifaa nilikuwa navyo, tyubu ya akiba ninayo, nilichokosa ni nafasi ya kufanya mwenyewe, maana kabla sijafungua nati ya kwanza walishasimama bodaboda watatu, mmoja kashaninyang'anya spana. Hela wakakataa, wakanunuliwa soda.

Masoko kuna ziwa wanaliita Kisiba, nalo ni la kreta, duara kabisa, maji yametulia hayana hata kona. Juu yake lipo boma la Wajerumani. Hapo nikasema leo ndo leo, peke yangu. Nikapika ugali, nikakaa mlangoni kwa hema, giza likaingia. Kwa kweli dakika ishirini za kwanza zilikuwa tamu sana. Afu vyura wakanyamaza wote kwa pamoja. Hujui uoga mpaka vyura wanyamaze. Nikasikia mtu anakohoa, nikazima tochi kama mjinga, moto unawaka na mi nazima tochi.

Alikuwa mzee na ndizi za kuchoma kwenye kipande cha jani. Shikamoo, marahaba, akaketi. Akasema haiwezekani mgeni alale peke yake kwenye maji na yeye yuko kitandani. Akanipa stori kwamba Wajerumani walipokimbia vita ya kwanza walitupa hela zao humo ziwani, na sarafu zimeshawahi kuokotwa ukingoni. Nikakumbuka hili neno hela lenyewe tumelitoa kwenye sarafu yao, heller, kwa hiyo mzee alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Saa sita akasinzia palepale amekaa, mi nikaingia ndani nikalala kama mtoto.

Ijumaa nikashuka. Hapa ndo pazuri kwa pikipiki, kila baada ya muda unavua nguo moja, jaketi, sweta, mpaka Ipinda nimebaki na tisheti na jasho. Huko ni mpunga, na kakao imeanikwa kwenye mikeka pembeni ya barabara, inanuka siki siki. Matema ziwa Nyasa linakuja ghafla, milima ya Livingstone imeshuka moja kwa moja majini upande wa mashariki. Nimekula samaki wa mbasa, nimeoga ziwani, nimelala mchangani, wavuvi usiku kucha wanapita na taa. Sina la kuongeza hapo.

Jumamosi ni soko la Lyulilo, wamama wa Kikisi wanaleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Bibi mmoja akanifundisha kununua: unakigonga kwa kifundo cha kidole, kizima kinalia, chenye ufa kinasema puu. Nikagonga kama kumi nikachukua kimoja, nikakivisha sweta, nikakifunga juu ya hema kwa mpira. Njia nzima, Kyela, Tukuyu, kila nikisimama naulizwa chungu cha nani. Hakuna aliyeuliza tena kama niko peke yangu.

Isongole nimefika jioni na baridi yake. Mama wa viazi alikuwa anafunga meza. Nikafungua mpira, nikavua sweta, nikampa. Akakigonga mara moja, akasikiliza.

"Kizima," akasema, akaenda kukiweka jikoni.