Miaka 4 ya Mahakama, Miaka 7 ya Ripoti ya Mikopo

Niliacha kulipa kadi yangu ya mkopo mwezi Juni 2018, hapa Houston, baada ya kupunguziwa saa za kazi hadi mshahara ukawa unaishia kwenye kodi ya nyumba. Deni lilikuwa dola 3,100. Agosti 2023 nilipokea barua kutoka kwa kampuni iliyokuwa imelinunua deni hilo, ikisema kwamba kwa sababu ya umri wake haitanishitaki, lakini nisipolipa inaweza kuendelea kuripoti kwamba halijalipwa kwa kadiri sheria inavyoruhusu. Niliisoma barua hiyo mara tatu bila kuielewa, kwa kuwa siku zote nilidhani deni ama limekufa ama liko hai.

Mwanasheria wa msaada wa kisheria ndiye aliyenifumbua macho. Muda wa kushitakiwa huwekwa na sheria ya jimbo, na Texas ni miaka 4, kwa hiyo wangu ulikwisha mwaka 2022. Muda wa deni kubaki kwenye ripoti ya mikopo, yaani kumbukumbu ya jinsi mtu anavyolipa madeni yake, huwekwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1970, ambayo kwa deni kama langu ni miaka 7, inayoanza kuhesabiwa siku 180 baada ya malipo ya kwanza kukosekana bila kufidiwa tena. Kwa hesabu hiyo, jina langu lingesafishika mwishoni mwa 2025, na tarehe hiyo haisogei hata deni likiuzwa mara ngapi au nikilipa sehemu yake.

Neno hilo la mwisho lilinifanya niombe ripoti zangu, ambazo mtu hupewa bila malipo, kutoka Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza kumbukumbu hizo. Mbili zilikuwa sahihi. Ya tatu ilionyesha kwamba nilianza kuchelewa mwaka 2020, yaani mwaka ambao deni lilinunuliwa, jambo ambalo lingenibebesha doa hilo miaka miwili zaidi. Nilikasirika sana, kwa sababu nilikuwa nikitafuta nyumba ya kupanga na kila mwenye nyumba aliitazama ripoti ile. Niliandika barua ya pingamizi, nikaambatanisha nakala za taarifa za benki za 2018, nikaituma kwa rejista ili nipate uthibitisho kwamba imepokelewa. Sheria inazipa kampuni hizo kwa kawaida siku 30 za kuchunguza, na kabla hazijaisha tarehe ilikuwa imerekebishwa.

Shemeji yangu alinionya nisilipe hata dola 50, akisema malipo madogo huufufua muda wa mahakama. Katika majimbo kadhaa onyo lake ni la kweli. Texas, tangu Septemba 2019, malipo hayaufufui muda uliokwisha deni likiwa mikononi mwa kampuni iliyolinunua, lakini nisingethubutu kulijibu swali hilo kwa niaba ya mtu wa jimbo jingine.

Binamu yangu aliyeko Louisville, Kentucky, alikutwa na kinyume cha hali yangu. Mkopo wake wa mwaka 2015, ambao aliacha kuulipa mwaka uliofuata, ulikuwa umekwisha kuondoka kwenye ripoti, naye akaamini kwamba mambo yamekwisha. Mwaka 2024 akaletewa samansi. Kentucky, mkataba wa maandishi uliofanywa baada ya katikati ya 2014 unaweza kufikishwa mahakamani kwa miaka 10, na ripoti kuwa safi hakumzuii mdai hata kidogo. Alitaka kuinyamazia ile samansi. Nilimsihi kwa simu usiku kucha ajibu, kwa kuwa asiyejibu huhukumiwa bila kusikilizwa, na hata deni lililopitwa na muda linaweza kutolewa hukumu ikiwa mdaiwa mwenyewe hakulitaja jambo hilo mbele ya mahakama. Alijibu kwa maandishi siku ya 17 kati ya 20 alizopewa, kisha wakakubaliana alipe kwa awamu.